Hatua Tano za Shangazi Milia

Shangazi yangu hawezi kukaa. Si kwamba hapendi viti. Viti ndivyo havimpendi. Ukimkaribisha, anakaa ukingoni kwa heshima yako tu, na kabla hujamaliza kuuliza za nyumbani ameshasimama anapima chumba. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi mpaka mlangoni, kisha anakutangazia: "Hatua sita hazifiki. Na mlivyokuwa mnajisifu sebule kubwa!"

Usimlaumu. Miaka ishirini na saba amekula mkate wa manispaa kwa miguu hiyohiyo. Yeye ndiye anayechora barabara za katikati ya mji: mistari, mishale, sehemu za kuegesha magari, na hasa vivuko vya waenda kwa miguu, vile vyenye milia myeupe. Ndiyo maana mji mzima unamwita Milia. Jina lake la kwenye kitambulisho tunalijua mimi na ofisi ya pensheni tu, na sote wawili tumekula kiapo.

Idara yake ina watu wawili: yeye, na mbeba rangi mmoja mwenye watoto wanne na mdomo mkubwa, anayeitwa Kopo. Zamani ilikuwa na tepu ya kupimia pia. Tepu ikapotea, wakaandika barua kuomba nyingine, na barua nayo ikapotea. Tangu hapo kipimo cha idara ni mguu wa Shangazi. Hatua yake moja ni sentimita sabini na nane, haizidi haipungui, awe na njaa au ameshiba, awe amegombana na mtu au wamepatana. Mimi nilisomea upimaji wa ardhi mpaka nusu ya stashahada, pale chuo kiliponichoka, na nakuapia kwamba nilimpima kwa siri kwa vyombo vya darasani. Vyombo ndivyo vilivyokosea.

Kwa hiyo kwenye idara ile neno "hatua" lina maana moja. Ukisikia Shangazi anamwambia Kopo, "Mshale huu uondoe hatua mbili," ujue mshale unasogea hatua mbili za Shangazi, basi. Shika neno hilo vizuri, maana ndilo lililotuumbua.

Sasa mumewe. Kila mtu anamwita Fundi, hata mkewe. Anatengeneza redio kwenye varanda ya posta ya zamani. Macho yalimwisha taratibu kama betri, miaka kumi na miwili iliyopita, na siku yalipozima kabisa alikwenda kazini kama kawaida. Ukimpelekea redio, anaigonga mgongoni kama daktari wa kifua, anategea sikio, anakuambia, "Huyu ameanguka. Na aliyemwangusha ni wewe."

Nyumba yao iko ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya maduka. Kila asubuhi Fundi anavuka kwenda posta, kila jioni anavuka kurudi, peke yake na fimbo yake. Hataki kushikwa mkono. "Mimi si mkokoteni," anasema, na aliyejaribu kumsukuma alijuta.

Siri yake ilikuwa kivuko. Milia saba kutoka ukingo mpaka ukingo, na kila mlia umepigwa rangi juu ya rangi kwa miaka ishirini na saba hadi ukawa mnene kama soli ya kandambili. Fimbo ikigonga mlia inalia ko. Ikigonga lami inalia kwa. Fundi alikuwa anavuka kwa masikio: ko, kwa, ko, kwa, na ko ya saba ikilia anainua mguu, ngazi ya posta hiyo hapo. Wengine hutumiana meseji zenye mioyo. Shangazi alimwandikia mumewe milia saba, na kila mwaka alirudia wino.

Ndipo baraza la madiwani likakaa, likaamua kuutengeneza mji.

Mji ulikuwa umeziba, hilo sibishi. Gari la wagonjwa lilikuwa likifika hospitali, mgonjwa ameshapona au ameshasahaulika. Wakaamua barabara kuu iwe ya kwenda upande mmoja, magari yakimbie, vivuko vyote vya katikati ya mji viondolewe, na watu wapite juu, kwenye daraja jipya la chuma lililo mwendo mzuri kutoka posta, karibu na jumba la sinema lililofungwa. Mchoro wake ulibandikwa kwenye lango la manispaa. Mimi natoa nakala kwenye duka lililo jirani na posta, kwa hiyo niliuona mchoro huo kila nikienda kununua karatasi. Watu wa kwenye mchoro wote ni wembamba, hawana mizigo, hawana watoto mgongoni, na wote wanatabasamu juu ya daraja. Hakuna mzee hata mmoja. Nadhani wazee waliishia kwenye ngazi.

Shangazi aliletewa barua yake Jumanne. Akaja nayo dukani nimtolee nakala. Niliisoma, ndiyo marupurupu yetu sisi watoa nakala. Ilisema hivi: *Kivuko kilicho mbele ya mlango wa posta ya zamani kiondolewe kwa hatua, kabla ya mwisho wa mwezi.* Sahihi ya Mhandisi, muhuri, tarehe.

"Shangazi, Fundi anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba unakwenda kufuta njia yake."

"Nimekuambia toa nakala. Sijasema toa ushauri."

Nilitoa nakala.

Ninalala kwao, kwenye kochi la sebuleni, kwa hiyo wiki mbili zilizofuata nilizishuhudia zote. Mwanamke yule alitembea. Alitembea akipika, alitembea akila, sahani mkononi. Barua aliificha kwenye foronya ya mto, akaitoa, akaihamishia kwenye kopo la unga, akaitoa, akaitia ndani ya kiatu cha sikukuu, mwishoni nikaikuta nyuma ya picha ya harusi. Barua anafichwa mtu asiyeona! Angeiacha tu mezani, ikae hapo kama doa la kikombe. Lakini mwenye jambo moyoni huona kila karatasi inapiga kelele.

Fundi alikuwa akikaa na redio mapajani, bisibisi mdomoni, anamsikiliza.

"Milia."

"Bee."

"Tangu tumalize kula umetembea hatua mia nne na kumi."

"Miguu inaniuma."

"Miguu inayouma hukaa."

"Hii inauma nikikaa."

"Una neno?"

"Neno gani? Kula ulikula, chai ulikunywa. Nikuimbie?"

Fundi akarudisha bisibisi mdomoni. Mie nikajifunika shuka usoni, maana cheko lilikuwa linanitoka na aibu pia, vyote kwa mlango mmoja.

Asubuhi moja Shangazi akaja dukani mbio, ile barua mkononi, macho yamemtoka.

"Soma hapa. Kiondolewe kwa nini?"

"Kwa hatua."

"Ngapi?"

Nikatazama. "Haijaandikwa."

"Haijaandikwa!" Akapiga kofi kaunta yangu. "Watu wamesoma mpaka vichwa vimekuwa na vipara, wanaandika kiondolewe kwa hatua, hawasemi hatua ngapi! Kumbe hakifutwi. Kinasogezwa! Mie nimekonda bure!"

Ningeweza kumwambia. Nusu ya stashahada ilinitosha kujua kwamba hatua za ofisini si hatua za miguuni. Lakini wiki mbili nilikuwa sijamwona akicheka. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu nako kumo katika kesi hii.

Akaenda manispaa. Mhandisi alikuwa semina mji mwingine. Karani wa masjala, mama mmoja mpole anayeziba barua kama anayefunga mtoto nepi, akampigia simu Mhandisi mbele ya Shangazi. Huko semina kulikuwa na kelele za vikombe. Karani akauliza, "Mheshimiwa, kivuko cha posta, hatua ngapi?" Sauti ikatoka hadi nje ya simu: "Tano! Hatua tano! Na asiruke hata moja!"

Karani akaandika 5 pembeni ya barua, akapiga muhuri juu yake.

Nimemuuliza Shangazi mara nyingi kama kweli aliamini. Anasimama, anapima chumba.

Jumapili, barabara ikiwa tupu, yeye na Kopo walichoma milia ya zamani kwa moto wa gesi, wakaikwangua kwa chepe mpaka lami ikabaki laini kama kipara. Kisha Shangazi akasimama pale mlia wa kwanza ulipokuwa, akanyoosha mgongo, akapiga hatua tano kufuata barabara, hakuruka hata moja. Hapo wakachora milia saba mipya, myeupe inayoumiza macho, mbele ya ukuta mtupu wa ghala.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Fundi. Na kumwambia kwamba kivuko kimesogea kulimaanisha kumwambia kwa nini, na kwa nini kulimaanisha barua, na barua ilimaanisha wiki mbili za "miguu inaniuma." Jioni ile alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akauliza kama chumvi imekolea. Mara ya pili akapiga mwayo. Mara ya tatu Fundi alikuwa ameshalala. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Shangazi ilikuwa hatua tano kamili.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi aliitwa posta. Mhandisi amerudi, anataka kumwona palepale barabarani. Shangazi akajua Fundi hutoka saa mbili kasorobo. Atawahi kurudi, atamwambia mlangoni. Hakujua kwamba siku hiyo Fundi alikuwa na redio ya mteja mwenye haraka, na alitoka mapema.

Nilikuwa nafungua duka. Kwenye ngazi za posta Mhandisi alisimama na viatu vyake visivyojua tope, karatasi mkononi, anamsomesha Shangazi. Ng'ambo ya barabara Fundi alitokea kwenye uchochoro wa maduka. Akagusa nguzo ya taa kwa fimbo, kama siku zote. Akapiga hatua mbili, kama siku zote. Akashusha fimbo.

Kwa.

Akaisogeza kidogo. Kwa. Kushoto, kwa. Kulia, kwa. Akashuka mguu mmoja barabarani kutafuta mbele zaidi, na lori la maji likampitia karibu hata shati likapepea. Akarudi juu ya ukingo. Magari yakapiga honi, kila dereva akimfundisha asilolijua. Watu wanaomsaidia kipofu kwa kumpigia kelele ni wengi kuliko unavyodhani.

Nikaanza kukimbia, lakini barabara ilikuwa kati yetu. Fundi akasimama wima, fimbo kifuani, akaita. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwita mkewe kutoka chumba cha pili.

"Milia."

Shangazi alimwacha Mhandisi katikati ya neno. Hakwenda hata kwenye kivuko chake. Alishuka barabarani pale pale, mkono juu, kiganja bado kina rangi nyeupe ya jana, na magari yakasimama moja baada ya jingine, breki zikilia. Dereva wa basi akatoa kichwa amtukane, akaona uso wake, akakirudisha. Mimi nikapita nyuma yake.

Hakumshika mkono. Anamjua. Alisimama mbele yake tu.

"Niko hapa."

"Wewe uko," Fundi akasema. "Kivuko kiko wapi?"

"Kulia kwako. Hatua tano."

"Kimefuata nini huko?"

Shangazi akakuna rangi iliyokauka kiganjani.

"Hatua zako au zangu?"

"Zangu."

Fundi akahesabu kichwani. "Zangu sita." Akageuka, akapiga sita, akashusha fimbo. Mimi nilisikia kwa. Yeye akainamisha kichwa. "Rangi ipo. Nyembamba kama ahadi ya kura." Akavuka polepole, fimbo inakwaruza, Shangazi nyuma yake mikono imenyooka hewani kama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, na akijua fika kwamba angemgusa angepigwa fimbo.

Walipofika ng'ambo, Mhandisi alikuwa amebadilika rangi.

"Mama, mimi sikusema kisogezwe! Kiondolewe kwa hatua maana yake kwa awamu! Kwanza tangazo redioni, pili bango, tatu uzio, nne watu waelekezwe darajani, tano ndiyo kufuta!"

"Ungeandika awamu."

"Hatua na awamu si kitu kimoja?"

"Kwenye idara yangu," Shangazi akasema, "hatua ni hii." Akapiga moja, kishindo, mbele ya viatu vyake safi. "Nilikuuliza ngapi. Umesema tano. Na muhuri upo."

Fundi akainua kidole. "Ngoja. Amesema tangazo redioni."

"Wiki tatu zilizopita, mzee," Mhandisi akasema.

"Nalijua. Nililisikia kwenye redio saba kwa wakati mmoja." Akamgeukia mkewe, kwa usahihi ule unaotisha. "Milia, mimi ni fundi redio. Ulidhani habari zinanifikia kwa posta?"

Shangazi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, miguu yake ilikuwa imetulia.

"Ulijua? Wiki zote hizo unanihesabia hatua, ulijua?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie. Redio ilisema kivuko kitafutwa. Haikusema kitatembea. Kingefutwa ningejua pa kusimama na kulalamika. Leo nimesimama palepale ulipoiweka njia yangu, na njia haipo, na wewe ndiye uliyeiondoa, na usiku tumelala kitanda kimoja." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Barabara ni ya manispaa, wafanye watakavyo. Lakini miguu yangu naiamini kwa sababu yako."

Shangazi akakaa. Kwenye ngazi ya posta, chini, kitako chote. Kopo alikuwa amefika na ndoo, akaishusha kimyakimya, na Kopo kunyamaza si jambo la kila siku.

"Nilikosa," akasema Shangazi.

Fundi akashusha fimbo mpaka ikagusa kiatu chake, akajua alipo, akakaa kando yake.

"Mhandisi," akasema baadaye, "hilo daraja lako lina ngazi ngapi?"

"Kama hamsini hivi."

"Hamsini na nne. Ya thelathini na moja imelegea. Nilikwenda wiki iliyopita. Kupanda nilipanda. Kushuka, nilikaa juu pale nusu saa nikisubiri magoti yangu yapatane. Kwenda na kurudi kila siku, nitakuwa natengeneza magoti, si redio."

Mhandisi akatazama karatasi yake. Si mtu mbaya, nimpe haki yake. Ni mtu wa mchoro. Akasoma tena, midomo ikicheza, kisha akakuna shingo. Uamuzi wa baraza ulitaja kivuko *mbele ya mlango wa posta*. Mbele ya mlango wa posta hapakuwa na kivuko tena. Kivuko kilichokuwepo kilikuwa mbele ya ukuta wa ghala, na baraza halikuwahi kusema neno juu ya ukuta wa ghala. Kukifuta kulihitaji uamuzi mpya. Baraza lingekaa tena baada ya wiki tisa.

"Basi andika barua," akasema Fundi. "Na safari hii tafuteni mtu anayejua Kiswahili."

Wiki hizo tisa, kila Jumapili, Shangazi na Kopo waliongeza rangi, mkono juu ya mkono. Kila Jumatatu Fundi alivuka, mkewe akisimama ng'ambo anakanyaga huku na huku.

"Je?"

"Kwa."

Wiki ya nne: "Kwa, lakini inafikiria."

Wiki ya saba, mlia wa tatu ulilia ko. Shangazi alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

Siku ya baraza tulikwenda sote. Fundi akaingia akakaa kwenye viti vya wananchi, akaruhusiwa dakika tatu, akatumia mbili. Shangazi alishindwa kuingia. Alibaki kwenye ujia wa nje akipima: kutoka mlango wa ukumbi mpaka choo cha waheshimiwa ni hatua thelathini na nne, alinihakikishia mara sitini. Alikuwa amebakiza miezi mitatu tu kazini. Baada ya hapo ni pensheni, na rangi ya barabarani haimsubiri mstaafu. Mwaka mmoja wa matairi na mvua na mlia unarudi kuwa kwa.

Mlango ukafunguliwa. Fundi akatoka, fimbo mbele.

"Wamesemaje?"

"Kivuko kibaki mpaka daraja liwekewe mteremko usio na ngazi."

"Mteremko utawekwa lini?"

"Wamesema watachukua hatua."

Shangazi akasimama kama aliyegonga kioo. "Ngapi?"

"Nimewauliza hivyohivyo. Wote wamecheka. Karani wa masjala peke yake hakucheka. Ameliandika swali."

Walirudi kwa miguu. Kwenye kivuko Fundi alivuka kwenda posta peke yake, fimbo inahesabu, na Shangazi hakumtazama; alikuwa amemshika Kopo kwenye ukingo wa barabara, anamtembeza kutoka nguzo ya taa mpaka kwenye mlia wa kwanza, anamrudisha, anamtembeza tena.

"Ndefu hiyo, Kopo."

"Dada, mimi mguu wangu ndio ulivyo!"

"Basi ufundishe. Sabini na nane. Rudia."

Ng'ambo, fimbo ililia ko ya saba. Kopo akarudia.